Vidani vya farasi: Shaba iliyobaki baada ya farasi kuondoka

Mgeni anayeingia kwenye baa ya kijijini nchini Uingereza mara nyingi hukuta, juu ya mahali pa kuotea moto, mkanda mweusi wa ngozi umening'inia ukiwa na visahani vitatu au vinne vya shaba ya manjano. Kimoja kina umbo la jua, kingine hilali, kingine moyo, kingine farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Vinang'aa, na watu wazima wamevizoea kiasi kwamba hawavitazami tena. Mtoto ndiye huuliza kama hizo ni medali.

Hajakosea sana. Ni vidani vya farasi, na vilitengenezwa kwa ajili ya wanyama waliovuta karibu kila kitu katika nchi hiyo kabla ya lori kuja: makaa ya mawe, unga, mapipa ya bia, mizigo ya stesheni, majembe ya kulimia. Leo watu huvikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Familia inayopenda kutembea inaweza kuvifuata mji kwa mji kwa gharama ndogo, ikaiona Uingereza ambayo haimo kwenye picha za jumba la kifalme.

Kidani cha kawaida kina urefu wa sentimita 8 hivi, na juu yake kuna kitanzi cha kupitishia mkanda. Kimoja kilikaa kwenye paji la uso la farasi. Vingine vilipangwa kwenye mkanda ulioshuka kifuani na kupita kati ya miguu ya mbele. Vidogo vilikaa nyuma ya masikio, na vingine mgongoni. Utosini palisimama kipande chenye pete, na ndani ya pete kisahani kilichochezacheza kila farasi alipopiga hatua. Farasi wa aina ya Shire, ambaye bega lake hufika usawa wa kichwa cha mtu mzima na uzito wake hukaribia tani moja, hakulemewa na mapambo hayo hata kidogo.

Vya zamani, si vya kale

Wauzaji wa vitu vya zamani hupenda kumwambia mteja kwamba kidani alichoshika kimevuka karne nyingi. Ukweli ni kwamba desturi hii ilishamiri kuanzia katikati ya karne ya 19, ikaanza kufifia Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914. Ni miaka 60 hivi tu, enzi za Malkia Victoria na mwanawe, wakati ambao reli ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima.

Hapo watoto hushangaa. Reli si ndiyo iliyowaondoa farasi? Iliwaondoa kwenye magari ya abiria ya safari ndefu, basi. Kila gunia lililoshushwa stesheni lilihitaji mkokoteni wa kulifikisha dukani, na treni moja ilishusha magunia mengi. Reli iliwaongezea farasi kazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Uingereza ilikuwa na farasi zaidi ya milioni 3. Makampuni ya reli, viwanda vya bia na wauza makaa walishindana barabarani kwa farasi wanaopendeza, maana farasi ndiye aliyekuwa tangazo lao.

Lakini kwa sehemu kubwa aliyelilipia tangazo hilo hakuwa tajiri.

Saisi, yaani mtu aliyemtunza farasi na kumwendesha, kwa kawaida hakumiliki mnyama hata mmoja. Farasi alikuwa wa mwenye shamba au wa kampuni. Mkokoteni ulikuwa wa tajiri, mikanda ya ngozi ilikuwa ya tajiri, zizi lilikuwa la tajiri. Hata nyumba alimolala saisi na watoto wake mara nyingi ilikuwa ya mwenye shamba, na akiachishwa kazi alitakiwa kuihama. Vidani vilikuwa vyake. Alivinunua kimoja kimoja kwa fundi wa matandiko, kwa senti alizobana kwenye ujira wa wiki, na alipohamia kwa tajiri mwingine alivifungasha akaondoka navyo. Anayewajua madereva wa daladala au matatu wanaopamba gari la mtu mwingine kwa pesa ya mfukoni mwao ataelewa bila maelezo marefu.

Kusugua ilikuwa kazi ya nyumba nzima. Siku ya Mei Mosi, au maonyesho ya kilimo yalipokaribia, shaba zilishushwa, zikamwagwa mezani, na mke na watoto wakashika vitambaa. Shaba ikiachwa huingia weusi upesi, hasa katika nchi ya mvua na moshi wa makaa. Familia za Pwani zilizorithi sinia na birika za shaba, na kuzisugua kwa ndimu au ukwaju kila sikukuu, zinaijua kazi hiyo na harufu yake.

Agosti 1914 jeshi lilipita mashambani na mitaani kuchukua farasi. Katika wiki chache za mwanzo lilichukua zaidi ya 100,000. Lililotakiwa ni mnyama mwenye nguvu, si pambo lake. Farasi wengi hawakurudi. Baada ya vita yakaja malori, kisha matrekta, na kufikia miaka ya 1960 farasi wa kazi alikuwa karibu ametoweka mashambani. Shaba zilizokuwa mali ya saisi zilibaki nyumbani kwake, zikahamia ukutani, na kutoka ukutani zikafika kwenye baa.

Mji wa ngozi na bizimu

Anayetaka kuanza safari mahali panapostahili aende Walsall, chini ya nusu saa kwa treni kutoka Birmingham. Si mji wa watalii, na haujifanyi kuwa hivyo. Ni mji wa mafundi. Tangu Zama za Kati watu wake walitengeneza lijamu, rikabu na bizimu za matandiko, na baadaye ngozi yenyewe. Timu ya mpira ya mji, iliyoanzishwa mwaka 1888, hadi leo jina lake la utani ni mafundi wa matandiko. Mwaka 1988 Walsall ilifungua jumba la makumbusho la ngozi ndani ya jengo lililokuwa kiwanda, na mpaka sasa zipo karakana mjini humo zinazoshona tandiko la farasi kwa mkono.

Walsall na Birmingham ndiko vilikotoka vidani vingi. Mtoto anayependa kujua vitu vinavyotengenezwa vipi atafurahia sehemu hii kuliko zote.

Fundi alikandamiza mfano wa kidani kwenye kalibu ya mchanga wenye unyevunyevu, akautoa taratibu, kisha akamimina shaba iliyoyeyuka kwenye nafasi iliyoachwa. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Kidani kilipopoa kilitoka na kingo za ovyo na mchanga ulioganda, hivyo kilihitaji tupa. Tatizo ni kukishika. Ukibana uso wake kwenye jiliwa, unaukwaruza. Kwa hiyo nyuma ya kidani vilisubiwa vijiti viwili vifupi, na fundi alibana vijiti hivyo huku akipiga tupa mbele na pembeni kwa uhuru. Alipomaliza alivikata na kuvisawazisha. Alama mbili ndogo hubaki nyuma ya kidani, na mkusanyaji anayekiokota sokoni hukigeuza kuzitafuta kabla hata ya kutazama picha iliyoko mbele.

Kuanzia miaka ya 1880 mashine zilianza kupiga vidani kutoka kwenye bamba la shaba. Vilikuwa vyembamba, vyepesi na rahisi kununua. Wapo wakusanyaji wanaovibeua, jambo lisilo la haki, kwani mwenye ujira mdogo alivinunua kwa sababu ndivyo alivyoweza kumudu, na farasi wake hakuwa na sababu ya kulalamika kwa uzito uliopungua.

Watoto waliochoka na kabati za vioo wapelekwe mji jirani wa Dudley, kwenye makumbusho ya wazi ambako nyumba, maduka na karakana za zamani za eneo hilo zimehamishiwa na kusimamishwa upya kando ya mfereji. Huko wanaweza kukimbia.

Je, ni hirizi?

Maelezo yanayouza vidani kuliko yote ni ya kijicho. Inasemwa kwamba hilali, jua na moyo ni kinga ya farasi dhidi ya jicho baya, iliyorithiwa kutoka kwa Warumi, au kwa makuhani wa dini za kale, au kwa askari waliorudi kutoka vita vya Msalaba. Maneno hayo yameandikwa kwenye vijitabu vingi, na msomaji wa Pwani huyakubali haraka, maana hirizi shingoni mwa mtoto si jambo geni kwake.

Ni kweli kwamba kupamba farasi ni desturi ya kale, na katika nchi nyingi watu wamemfunga mnyama kitu cha kumkinga. Lakini waliovichunguza vidani vya Kiingereza kimoja kimoja hawauoni uzi unaoviunganisha na Warumi. Wanachokiona ni orodha za bei za viwandani. Fundi wa matandiko alichagua humo, na saisi akachagua dukani. Humo kuna hilali, na kuna pia treni, nanga, mganda wa ngano, simba, na pipa la bia. Bado hajatokea mtu wa kudai kwamba pipa la bia hufukuza kijicho.

Huenda saisi fulani, usiku, zizini, aliamini kabisa kwamba hilali ile ilimlinda farasi wake. Mambo ya moyoni mwa mtu hayaandikwi kwenye orodha ya bei. Ila anayekinunua kidani leo kwa bei ya hirizi ya kale anauziwa hadithi.

Kwa mtoto anayejifunza historia, vidani vyenye tarehe ni bora zaidi. Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 kwenye kiti mwaka 1887, viwanda vilitoa vidani vyenye kichwa chake. Alipotimiza 60 mwaka 1897 vikatoa tena, na mwanawe Edward alipotawazwa mwaka 1902 vikatoa vingine. Saisi aliyelala chumba kimoja na watoto wake wote alimtembeza malkia barabarani kwenye paji la uso la farasi.

Medali ya kweli

Sasa swali la mtoto kuhusu medali. London ya wakati huo ilikuwa na farasi wengi na wengi wao waliteseka. Walipigwa, walibebeshwa kupita kiasi, waliteleza kwenye mawe ya barabara wakavunjika miguu. Chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kinachojulikana kwa herufi RSPCA, kilikuwapo tangu mwaka 1824, na mwaka 1877 mwandishi Anna Sewell alichapisha Black Beauty, kitabu ambacho farasi mwenyewe ndiye msimulizi. Watoto wengi bado wanakisoma, na wazazi wachache humaliza kukisoma kwa sauti bila koo kukauka.

Sheria peke yake haikutosha, kwani polisi hawezi kukaa kila zizi. Ndipo katikati ya miaka ya 1880 likaanzishwa gwaride la farasi wa mikokoteni jijini London. Masaisi waliwaleta wanyama wao, waamuzi wakawakagua, na waliowatunza vizuri wakapewa tuzo. RSPCA nayo ilitoa beji za shaba kwa madereva ambao farasi wao walionekana kuwa na afya njema. Beji hizo zilitundikwa pamoja na vidani vingine. Aliyekuwa nayo alibeba barabarani ushahidi kwamba hampigi mnyama wake, na tajiri aliyetaka kuajiri aliweza kuusoma kwa mbali. Kwa mtu asiye na ardhi, nyumba wala cheti cha shule, hiyo haikuwa zawadi ndogo.

Msomaji wa Lamu atalitambua wazo hilo. Shirika la Kiingereza la Donkey Sanctuary lina zahanati ya punda katika mji huo tangu mwaka 1987, na mashindano ya punda aliyetunzwa vizuri yamekuwa yakifanyika huko, wenye punda wenye afya wakipata zawadi. Punda wa Lamu hawavai shaba, lakini waamuzi wanaangalia mambo yale yale: kwato, vidonda vya mgongoni, na kama mnyama anamwogopa mwenye kumshika.

Gwaride la London liliunganishwa mwaka 1966 na lile la farasi wa magari mepesi ya mizigo, na bado lipo. Hufanyika Jumatatu ya Pasaka, na katika miaka ya karibuni limekuwa kwenye viwanja vya maonyesho vya Ardingly, kusini mwa London. Hapo ndipo pa kuviona vidani mahali pake, vikicheza kifuani mwa farasi anayetembea, si vikiwa vimetulia ukutani. Mlio wake hauandikiki. Wenye watoto wadogo wakumbuke kwamba Shire ni mpole lakini hamwoni mtu aliye nyuma yake kabisa, na kwato yake ni pana kama sahani ya wali. Anasogelewa kwa ubavuni, baada ya kumwomba ruhusa mwenye farasi. Idadi ya farasi hao imeshuka sana, na leo Shire huhesabiwa miongoni mwa aina za mifugo zilizo hatarini kutoweka Uingereza.

Kuvitafuta sokoni

Si lazima kidani kiwe ghali. Kwenye masoko ya Jumapili asubuhi, ambako watu huuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti la gari, vidani vya kawaida hupatikana kwa pauni chache. Mtoto akipewa kiasi kidogo na kuachwa achague mwenyewe, atajifunza mengi kuliko akinunuliwa seti nzima dukani.

Vingi atakavyokutana navyo havikuwahi kumgusa farasi. Vilitengenezwa baadaye kwa ajili ya watalii na kuta za baa, na vinaendelea kutengenezwa. Kununua kimoja si kosa, mradi bei iwe ya ukumbusho.

Kugundua tofauti ni kazi ya vidole zaidi ya macho. Kidani kilichofanya kazi kimelika ndani ya kitanzi, pale mkanda ulipokuwa ukisugua, na mgongo wake umekuwa laini kwa kugusana na ngozi miaka mingi. Kingo zake ni safi kwa sababu mtu alizipitisha tupa. Kipya mara nyingi kina mgongo wenye vishimo na mikwaruzo ya mchanga. Wapo wanaokichakaza kipya kwa msasa ili kionekane mzee, lakini huchakaza kila mahali, hata pale ambapo mkanda usingefika. Mtoto wa miaka 10 akishaonyeshwa hilo mara moja, huwashinda wazazi wake. Zile alama mbili za nyuma ni dalili nzuri, ila si uthibitisho, kwani wanaoiga wamejifunza kuziweka.

Kusafisha kunahitaji kiasi. Kitambaa laini kinatosha. Brashi ya chuma au mashine huondoa kwa dakika moja ule ulaini uliochukua miaka kupatikana, na pamoja nao huondoka dalili zote zilizotajwa hapo juu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Chama cha kitaifa cha wakusanyaji wa vidani kilianzishwa mwaka 1975, na maumbo yaliyokwisha kutambuliwa ni maelfu. Wakusanyaji wengi sasa ni watu wazima sana, na hapo kuna tatizo ambalo familia nyingi za huko zinalijua. Babu anafariki, sanduku zito linatolewa chini ya kitanda, na wajukuu hawajui kilichomo. Shaba ina bei ya chuma chakavu, kwa hiyo sanduku huishia kwenye mizani. Hata likiuzwa vizuri mnadani, vidani hutawanyika, na kilichopotea ni kile ambacho babu pekee alikijua: hiki kilivaliwa na nani, wapi, na nani alikilipia.

Ndiyo maana wakusanyaji makini hufunga kipande cha karatasi kwenye kila kitanzi. Karatasi huandikwa jina la shamba, jina la saisi kama linajulikana, mwaka, na jina la farasi, ambalo kwa kawaida ni Captain, Prince, Duke au Blossom, maana masaisi wa Kiingereza walipenda majina yale yale. Mtoto mwenye mwandiko unaosomeka anaweza kupewa kazi hiyo mchana mmoja akiwa na babu yake, kidani kimoja baada ya kingine, babu akisema na yeye akiandika.

Wasio na babu mwenye sanduku waende Reading, magharibi mwa London. Chuo kikuu cha huko kilianzisha mwaka 1951 makumbusho ya maisha ya vijijini Uingereza, na vidani vya farasi vimo pamoja na mikokoteni yenyewe, iliyopakwa rangi nyekundu, njano na buluu. Kuingia ni bure. Siku za kufunguliwa ziangaliwe mapema kabla ya kukata tiketi ya treni.